Bakuli la Chiriku

9 Novemba

Kwako mwanangu kitinda mimba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, huko unakowapikia wageni wasiolijua jina lako. Sisi hatujambo, ila mimi ni mikono tu. Vidole vimekaza kama bawaba zisizotiwa mafuta, na asubuhi kufunga kifungo cha gauni ni vita. Dada yako anapita kila jioni na wanawe, wananipigia kelele ili nyumba isinimeze. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yangu haviivi chungu kimoja. Neno likiingia linatoka limepinda.

Hii ndiyo sikukuu ya kwanza ya kiangazi tangu tumzike baba yako. Dada yako alisema mwaka huu tuiache, ukoo utaelewa. Nikamwambia hapana. Shule zikifungwa na joto likitulia juu ya mabati, watu watakuja kwangu kula kama walivyozoea. Nyama na wali atashika yeye. Vitamu ni vyangu.

Sasa shida ni hapo. Kastadi yangu unaijua ilivyo, kusimama mbele ya moto ukikoroga mpaka bega liombe msamaha. Mikono hii haikorogi tena. Baba yako alikuwa akinitania kwamba nilizaa kitinda mimba ili nipate fundi wa vitindamlo. Basi leo nadai haki yangu. Niandikie vitamu rahisi, visivyotaka moto wala tanuri, vya kulala kwenye friji. Watakaokuja ni wengi, na watoto ndio usiseme.

Na kimojawapo kiwe cha kufaa kutiwa kwenye bakuli dogo la kando.

Ni mimi mama yako.


18 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima, ila miguu imevimba. Msimu wa wageni umeanza na jiko la hoteli halipoi. Pole sana kwa mikono. Asubuhi iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujagusa kazi, na usijifanye shujaa.

Vitamu viko hivi. Cha kwanza ni cha biskuti. Chukua maziwa mazito ya kopo, yale matamu, changanya na krimu, kisha kamulia ndimu. Usishtuke ukiona yanakuwa mazito. Ndimu ndiyo inayofanya kazi ya moto. Panga biskuti kwenye trei, mwagia, panga tena, mwagia tena, halafu ukilaze kwenye friji. Kesho yake kinakatika kama keki, na hakuna atakayejua kwamba hukuwasha hata kiberiti.

Cha watoto ni maembe yaliyoiva sana. Yaponde na mtindi, tia kwenye vikombe na kijiti katikati, gandisha. Wape wakiwa nje, la sivyo utapiga deki mpaka mwaka ujao. Na kama unataka rangi mezani, tengeneza jeli, uizamishie matunda yoyote utakayopata isipokuwa nanasi bichi. Nanasi bichi na jeli ni mke na mke mwenza. Ukiviweka pamoja haigandi ng'o.

Nimeomba ruhusa nije, mpishi mkuu amekataa. Anasema msimu huu hata yeye akifa atazikwa wageni wakishaondoka. Nisamehe, Mama. Nafasi ya Baba itakuwa wazi, na yangu pia.

Ila umeandika habari ya bakuli la kando. La nani? Kama ni la yule jirani fundi cherehani anayeona haya, mwambie aje ale mezani na wenzake.

Binti yako.


30 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini uvimbe wa miguu umepungua. Mimi nimekijaribu cha biskuti. Kilipokuwa kizito nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Wajukuu walikimaliza trei nzima na mmoja akauliza kama nimeanza kununua dukani. Nimelichukua kuwa sifa.

Bakuli ni la kaka yako.

Ulikuwa mdogo, na siku ile ulilala mapema na kijiko mkononi, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua. Chiriku alikuwa na maneno mengi, ndiyo maana tukampa jina la ndege yule. Baba yako alitaka aingie karakana, ajifunze kuchomelea. Yeye alitaka kuondoka na malori, aone dunia. Wakabishana mezani mbele ya ukoo wote, katikati ya sikukuu. Baba yako akasema, "Ukitoka kwenye mlango huo usirudi kula kwangu." Chiriku akasimama, kastadi yake ikiwa nusu, akapitia mlango wa nyuma. Tulidhani atarudi kabla vyombo havijaoshwa.

Tulitafuta kwa polisi, hospitalini, kwa madereva. Hakuna aliyemwona. Na tangu siku ile baba yako hakulitaja tena jina lake. Hata mara moja. Nilikuwa nikimtazama amekaa kimya namna ile, nasema moyoni, mtu huyu amechomelea vyuma mpaka vimemwingia kifuani.

Mwaka uliofuata, wote mlipokwisha kulala, niliweka bakuli la kastadi kwenye kibaraza cha nyuma, nikalifunika kwa sahani. Nilisema, baba yake amemkataza kula kwake, lakini kibaraza hiki ni changu. Asubuhi nikalikuta tupu. Kijiko kimelazwa kifudifudi ndani yake, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto. Na kila mwaka tangu hapo ni hivyo hivyo.

Mwanangu anapita. Haingii, kwa sababu ana ukaidi wa baba yake, lakini anapita. Sijamwambia mtu. Baba yako nilimficha mpaka kaburini. Nakuambia wewe kwa sababu mwaka huu anayemzuia hayupo tena, na huenda akaingia.

Mama yako.


8 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo lakini? Nauliza kweli, si kwa mazoea. Unalala? Unakula?

Barua yako nimeisoma nikiwa chumba cha baridi, nimekaa juu ya kreti la maziwa, na nilitoka humo nafuta macho, sijui kama ni baridi au ni nini. Mama, mtaa ule una paka kuliko watu. Bakuli la kastadi kibarazani usiku kucha, unategemea nini? Nakuomba usimweleze mtu mwingine. Na nakuomba zaidi usiache mlango wa nyuma wazi siku hiyo ukimsubiri. Anayeweza kuingia si lazima awe yeye.

Lakini siwezi kukukemea sana. Mwezi uliopita alikuja mtu wa kuleta barafu. Alikuwa amenipa mgongo, anapakua magunia huku akizungumza na kila mtu, na mlinzi, na mfagizi, hata na mbwa. Sauti ile. Nikaacha krimu kwenye mashine, nikamfuata uani nikiwa na aproni. Nikaita, "Chiriku." Akageuka. Uso haukuwa wake, au sikuujua, kwa sababu ukweli ni kwamba sura yake imenitoka. Nimebaki na sauti tu. Yule mtu akaniuliza, "Nani amekuambia wananiita hivyo?" Kumbe kila mahali mtu wa maneno mengi anapewa jina hilo. Niliporudi krimu ilikuwa imekuwa siagi.

Kwa hiyo najua, Mama. Lakini weka bakuli ndani.

Binti yako anayekuwazia.


15 Desemba

Mwanangu,

Sijambo, nalala, nakula. Usinipime homa kwa barua.

Paka hageuzi kijiko kifudifudi. Paka hafuniki bakuli kwa sahani akishamaliza. Basi tuishie hapo.

Nimenunua biskuti, maziwa ya kopo, na ndimu za kutosha kuchachusha mto. Dada yako amechukua kazi ya jeli. Nyumba imefagiliwa hadi nyuma ya kabati. Koti la baba yako la kazini bado linaning'inia nyuma ya mlango, linanuka chuma kilichoungua, na nikipita nalisalimia bila kukusudia. Juzi lilidondoka lenyewe, hakuna upepo, hakuna mtu. Nimelirudisha.

Sikukuu ikipita nitakuandikia yote.

Mama yako.


2 Januari

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Uliahidi kuniandikia, na posta wamenichoka. Nimempigia dada. Anasema watu walikuja, walikula, walifurahi, na wewe ni mzima ila huongei sana. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Mwache Mama akuambie mwenyewe," akakata simu. Dada yangu, ambaye kwa kawaida hakati simu mpaka salio liishe.

Je, kuna mtu aliingia? Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako.


11 Januari

Mwanangu mpenzi,

Pole kwa kukuweka roho juu. Mikono ilikuwa inaweza kuandika, mimi ndiye nilikuwa siwezi.

Sikukuu ilikuwa njema. Cha biskuti kiliisha kabla wanaume hawajafika mezani. Dada yako alitia nanasi kwenye jeli, anasema wewe hujui kila kitu, na ikawa mchuzi mwekundu. Watoto wakainywa kwa vikombe. Watu walimzungumzia baba yako kwa uzuri, wakacheka, nami nikacheka nao. Walipoondoka nilijaza bakuli kile cha biskuti nilichokuwa nimemtengea kaka yako, nikaliweka kibarazani, nikalifunika. Mlango sikuuacha wazi, nilikusikia. Ila niliurudishia tu.

Asubuhi nililikuta limejaa.

Nikasema amechelewa njiani, malori haya. Nikaliacha siku nzima, na usiku wa pili. Asubuhi nikafunua, krimu imekatika, sisimizi wamejipanga ukingoni. Nikakaa chini pale pale. Dada yako alinikuta jua likiwa limeanza kuchoma.

"Mama, ingia ndani," akasema.

"Kaka yako hakupita."

Akakaa kando yangu, akanishika hivi vidole vyangu vibovu. "Mama, hapiti. Hajawahi kupita. Alikuwa ni Baba."

Anasema alimwona mwaka ule aliokuja kukaa kwetu na mtoto mchanga. Mtoto alimwamsha alfajiri, akatoka kutafuta maji, akamkuta baba yako kibarazani amevaa koti lake la kazini, amesimama, anakula polepole. Alikuwa anazungumza. Alikuwa anasema, "Sogea kidogo, Chiriku. Leo mama yako amezidisha vanila." Alimaliza, akakilaza kijiko kama Chiriku alivyokuwa akikilaza, akafunika. Alipogeuka na kumwona dada yako hakushtuka. Alimwambia tu, "Mwaka ule wa kwanza nilikuwa naenda karakana, nikaliona, nikajua ni la nani. Nikalila kwa uchungu, sikujua nafanya nini. Mama yako alipoamka akaimba. Alikuwa hajaimba mwaka mzima. Sasa niache vipi?"

Akamwapisha asiseme.

Nawe unajua daktari alikuwa amemkataza sukari. Mezani alikula papai tu, namlinda kama polisi. Na bado kila sikukuu ikipita alilala kitandani siku mbili tatu, sukari imepanda, macho hayaoni vizuri, nami namuuguza huku nimenuna. "Umekula nini wewe?" Anajibu, "Nimezeeka tu, mke wangu." Nikaenda na hayo moyoni, kwamba ni mwili wa mtu asiye na huruma, unamlipa mwenyewe.

Nilimzika nikiwa na kinyongo naye, mwanangu. Nilisimama kaburini nikiwa nacho.

Na kaka yako namlia sasa, kama aliyeondoka wiki iliyopita. Miaka yote hii sikumlia. Mtu anayekula haliliwi. Dada yako anaogopa amenivunja, anakuja asubuhi na jioni kunitazama. Hajanivunja. Nimemwambia alifanya vyema kunyamaza na akafanya vyema kusema, na asitie tena nanasi kwenye kitu chochote.

Siku ya tatu niliamka alfajiri. Sikupanga. Kwenye friji kilibaki kipande cha kile cha biskuti, nilichokuwa nimemwekea mjukuu. Nikakitia kwenye bakuli, nikavaa lile koti, zito namna ile, nikatoka kibarazani. Saruji ni baridi saa hiyo, inapanda miguuni mpaka magotini. Na ukisimama pale alipokuwa akisimama baba yako, unaona dirisha la chumba chetu, pazia halifiki chini, unaona kitanda, upande wangu. Alikuwa ananiona nimelala. Nikala. Nilizidisha ndimu. Nilijaribu kusema na kaka yako kama yeye, sikupata la kusema. Nikasema na baba yako badala yake. Niliyomwambia hayo ni yetu.

Huyo mpishi wako mkuu, wageni wakishaondoka, mwambie mama yako anakuita. Sitaki zawadi. Nataka usimame nami jikoni.

Kuna jambo linanijia nikiwa naosha vyombo, nalo ndilo linalonilaza usingizi. Katika miaka hiyo yote huenda upo mmoja ambao Chiriku alipita kweli, akasimama nje ya ukuta, akaona aibu kuingia. Kama alipita, basi alimkuta baba yake amesimama gizani, anamwita kwa jina.

Mama yako.