Mkwe Ananunua Kijiko kwa Ushauri Wangu, na Mimi ni Fundi Mapazia

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumamosi hii mtu mzima anakwenda kuharibu kazi aliyoijenga maisha yake yote kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni fundi mapazia, nina kijiduka na cherehani mbili, na nimechumbia binti wa mkandarasi wa kuchimba mitaro, mzee aliyechimba tangu ujana kwa sururu na vibarua. Siku nilipokwenda kujitambulisha nilikuta sebule imejaa wajomba, mmoja akaniuliza, "Kijana, unashughulika na nini?" nikaona nikisema mapazia watacheka, nikajibu kwamba mimi ni mtu wa mitambo mizito, mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza lakini ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki, tangu siku hiyo Mzee ananiita Injinia hata mbele za watu.

Sasa amepata kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba ya maji kwenye vichochoro vya mtaa wao, akaamua kuachana na sururu anunue kijiko, ule mtambo wa magurudumu wenye beleshi kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, akauza lori lake, akanipigia simu, "Injinia, twende yadi ukanichagulie." Shangazi, nilikwenda. Wa kwanza ulikuwa mdogo, umepauka, nikauzunguka mikono nyuma, nikapiga teke tairi kama ninavyoona watu wakifanya, Mzee yuko nyuma yangu anatikisa kichwa tu, nikaona lazima niseme kitu, nikagundua magurudumu ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma, nikasema kwa sauti, "Hapa pamechezewa, matairi hayalingani!" Mzee akamgeukia mwenye yadi, "Kumbe nyinyi ni wezi!" mwenye yadi akafungua mdomo, akaufunga, akatupeleka kwenye mtambo mwingine. Tangu siku hiyo nimeona vijiko vitatu barabarani na vyote magurudumu ya mbele ni madogo.

Huo mwingine ni mkubwa, rangi mbichi hata ukigusa inabaki kidoleni, na ulipowashwa mkono wake wa nyuma ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Niliuona, nikaogopa kusema, nikatamka, "Huu ndio wenyewe." Jumamosi analipa. Mzee haulizi swali lolote, ananitazama tu, nadhani ananipima, na mchumba wangu ameniambia, "Sema wewe, au nitasema mimi, na nikisema mimi usirudi kwetu." Nampenda, Shangazi, na hata Mzee nampenda. Je, kuna namna mtu anaweza kuvijua vijiko kabla ya Jumamosi?

Injinia wa Mdomo

*

Marahaba, Injinia wa Mdomo. Nimecheka mpaka nikavua miwani, halafu nikakumbuka kwamba lori la watu limeshauzwa, nikaivaa tena.

Kwanza nikugombeze. Hao wajomba madirisha yao yako uchi? Kushona mapazia ni kazi ya halali, inalisha na inavika. Umeikana kazi yako kwa ajili ya watu waliokuja kula na kuondoka, ukambebesha gharama mzee wa watu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Sasa kijiko. Marehemu mume wangu alikiendesha miaka mingi, nami nilikuwa nampelekea chakula nikikaa pembeni nikisubiri amalize mtaro, na macho hayana pazia. Magurudumu ya mbele kuwa madogo si wizi, vingi vimeundwa hivyo kiwandani. Ulimtukanisha mwenye yadi bure, ingawa naye, kwa kunyamaza ili awauzie ule mbovu, simwonei huruma sana.

Mtambo huchaguliwa kwa kazi. Kwa kazi ya Mzee, kuchimba, kulaza bomba, kufukia, kuhamia mtaa wa pili, kijiko ndicho chenyewe, kwa sababu kinatembea chenyewe barabarani, nyuma kinachimba na mbele kinarudisha udongo. Mtambo wa minyororo badala ya magurudumu ungechimba vizuri zaidi, lakini kila siku mngekodi lori la kuubeba. Shida yenu ni vichochoro. Wewe si unayo futi ya kupimia? Ichukue ukapime kichochoro chembamba kuliko vyote, kisha upime mtambo, tena upime ukiwa umeshusha ile miguu miwili ya kuegemea, maana bila miguu hiyo hauchimbi, unayumba. Mkubwa wako ule nina wasiwasi utaishia kwenye ukuta wa jirani. Ulizeni pia ndoo nyembamba ya kuchimbia, kwa sababu bomba halihitaji shimo la kuzikia ng'ombe.

Kisha nendeni yadi asubuhi bila kutoa taarifa. Gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, ujue wameiamsha mapema ili mgeni asione inavyosumbua kuwaka. Mwambieni mwenye yadi anyanyue mkono wa nyuma juu, azime, halafu mnywe chai. Mkirudi mkaukuta umeshuka wenyewe, mafuta yanavuja ndani. Mkono unaocheza ni pini za maungio na bushi zinazozishika zimeliwa, na rangi mbichi kwenye maungio mara nyingi imefunika kitu. Muulize fundi wa mtaani kwenu kama vipuri vyake vinapatikana, maana mtambo usio na vipuri ni banda la kuku. Na mlipeni opereta mzoefu siku moja aje akae kwenye kiti. Hayo yote muufanyie hata ule mdogo uliopauka. Nadhani ndio wenu, lakini nadhani yangu isiwatoshe.

Ila hakuna hata moja utakaloweza kufanya kama Mzee bado anakuita Injinia. Lazima umwambie. Unaogopa atakufukuza? Sikiliza. Wiki hii nimepata barua ya mkandarasi mmoja mtu mzima, ameniomba nisiichapishe, na sijaichapisha. Anauliza atamwambiaje mkwe wake mtarajiwa, injinia mkubwa, kwamba yeye kwenye mitambo hajui hata ufunguo unaingia wapi, na kwamba anatikisa kichwa tu asionekane mshamba mbele ya msomi. Ameuza lori lake na usingizi haumjii.

Kwa hiyo mwanangu, pale yadi mlisimama watu watatu, na aliyeujua mtambo alikuwa muuzaji peke yake.

Nenda kwa Mzee leo, usingoje kesho. Kaa chini, shika adabu, mwambie, "Baba, mimi ni fundi mapazia, vijiko sivijui." Halafu nyamaza, umwachie nafasi naye aseme lake. Yeye ni mkubwa, hawezi kuanza.