Baba Mkwe Hataki Kupona Asije Akaniharibia Uprofesa

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla mama mkwe wangu hajanipiga marufuku kukanyaga jikoni kwake, maana maji yamenifika shingoni na kazini hakuna ninayeweza kumweleza bila kuchekwa.

Mimi ni daktari na mtafiti wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, nafundisha chuo kikuu, na baba mkwe wangu ni fundi saa mwenye mkono wa ajabu, kwani akishika kikombe cha chai mkono unatetemeka mpaka kisahani kinalia, lakini akishika bisibisi yake ndogo na kufungua saa ya mtu unatulia tuli, nami nilipouona nikamwomba ruhusa, akakubali kwa moyo mweupe, nikampima, nikaandika makala bila kumtaja jina, basi makala ikashika, watafiti wenzangu wakaanza kuinukuu katika makala zao huku na huko, na kwetu sisi kunukuliwa ndiyo sifa yenyewe, huhesabiwa, na jopo la kupandisha vyeo huitazama hesabu hiyo kabla halijakutazama usoni.

Sasa mume wangu, Mungu amsamehe mdomo wake, akamwambia baba yake mezani kwamba mkono wake umenukuliwa na wasomi zaidi ya mia tatu na kwamba ndio utakaonipa uprofesa. Mzee kichwa kikavimba. Siku hizi mteja akileta saa ibadilishwe betri, lazima kwanza asikie habari za mkono, na mzee hujitambulisha kwa fahari kuwa yeye ndiye yule mgonjwa mwanamume wa kwenye makala.

Hayo tulicheka wote, Mshauri, ila nimegundua kwamba vidonge alivyoandikiwa vya kupunguza mtetemeko ameacha kuvimeza, anavificha kwenye kopo la skrubu, na juzi akajimwagia chai ya moto pajani, ngozi ikatoka, na mama mkwe alipomfokea akajibu kwa upole kabisa, "Nikipona watanukuu nini? Mnataka mkwe wangu akose cheo?" Tangu hapo mama mkwe ananiambia mbele ya mawifi kwamba uprofesa wangu unapikwa kwenye paja la mume wake.

Nataka kumweleza kwamba jambo hili amelielewa vibaya, lakini ni baba mkwe, sijawahi kumpinga hata siku moja, tena, nisikufiche, jopo linakaa mwezi ujao na nina makala ya pili juu ya mkono huo huo, na nilitaka kuupima mara moja zaidi ungali unatetemeka, hivyo kila nikifungua mdomo naufunga. Nifanyeje?

Wako,
Mkwe Msomi

*

Mkwe Msomi,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, na nilipofika kwenye paja nikaacha kucheka. Kila wiki napokea barua za wakwe wanaonyimana hata salamu, na wewe wako yuko radhi kuungua ili upande cheo. Mzee huyo ana mapenzi tele na hesabu mbovu.

Kwa hiyo mnyooshee hesabu. Nukuu si maji ya bomba, eti mtu akifunga koki zinakatika. Kilichoandikwa kimeandikwa, apone leo, wale mia tatu hawatarudi kufuta neno hata moja. Wewe unalijua hilo na mumeo analijua. Asiyejua ni mwenye mkono peke yake. Dunia nzima umeieleza habari za mkono wake, yeye hujamweleza.

Heshima? Usinichekeshe tena. Heshima haikukuzuia kumwomba mkono uupime, basi isikuzuie kumwomba ameze dawa. Kilichokufunga mdomo ni ile makala ya pili, na umekiri mwenyewe, jambo ambalo nakupongeza. Iache. Mimi si daktari, lakini nadhani wapo wagonjwa wengi ambao wangependa kusoma jinsi mkono ule ulivyotulizwa.

Mganga hajigangi, na wa kwake asimgange. Mpeleke mzee kwa daktari mwenzako asiyesubiri cheo kutoka kwake, amtazame mkono na hilo jeraha. Mumeo aliyepeleka habari nusu aandamane nanyi, akaimalizie. Mama mkwe mwombe radhi huko huko jikoni, wewe na yeye tu, mawifi wakae sebuleni. Ana haki ya kukufokea, kwa hiyo akianza usimkatize.

Halafu mwendee mzee kibandani kwake mchana, akiwa hana mteja, umwambie hivi bila kuyapamba: "Baba, nikikosa uprofesa nitalia, kisha nitaomba tena mwakani. Ukiungua tena kwa ajili yangu, sitajisamehe."

Atanuna, maana umaarufu ni mtamu. Mwache anune. Mmiminie chai, nusu kikombe, mpe na kidonge chake, na usiondoke hapo mpaka avimalize vyote viwili.