Zamu Ilikuwa ya Mwalimu Yasini

Baba Kandida,

Usicheke. Najua ungenikuta nimekaa na kalamu saa hizi, mahindi yameanikwa uani na kuku wa jirani wananivizia, ungeanza maneno yako: "Haya, Mama Kandida analiandikia Bunge!" Basi siliandikii Bunge, nakuandikia wewe. Umeondoka bila kuaga, mwanaume wewe. Ulisema unakwenda Peramiho kupima presha tu, utarudi na gari la mchana, na mimi nikakuwekea chakula. Nilikukasirikia sana. Bado nina hasira kidogo, nisikufiche.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hasira. Nataka kukuambia habari za Mwalimu Yasini. Najua ndilo lililokuwa linakukaa rohoni, ingawa ukiulizwa ulikuwa unajifanya unatafuta spana.

Nitalianzia mwanzo, hata kama wewe ulikuwepo. Kila mtu hapa Songea analisimulia kwa namna yake, na mimi nataka niliseme mara moja jinsi lilivyokuwa, ili linitoke.

Mwaka ule wa uchaguzi watu wa televisheni walikuja kutoka Dar na gari lao lenye nyaya, wakapanga mdahalo wa wagombea ubunge pale ukumbini. Mji mzima ulichanganyikiwa. Hata wasiokuwa na redio nyumbani walitaka kuonekana kwenye televisheni. Mwalimu Yasini alikuwa anagombea kwa chama kipya, na wewe ulifunga kibanda chako cha baiskeli tangu asubuhi, ukapiga pasi shati mwenyewe. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kukuona umeshika pasi. Nilikuambia, "Anayegombea ni wewe au Mwalimu?" Ukasema, "Akishinda Mwalimu, nimeshinda mimi."

Hilo ndilo wanalosahau. Waliosema ulinunuliwa hawakukuona na ile pasi.

Tulipofika, viti vya mbele vyote vilikuwa vimejaa watu wa yule mgombea mwingine, mheshimiwa wa chama cha zamani. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mambo yamepangwa, televisheni imeshanunuliwa. Hata mimi nilinung'unika. Lakini nikiwakumbuka sasa, wengi walikuwa wazee waliowahi mapema kama wanavyowahi misa ya kwanza, wakakaa mbele kwa sababu ndiko walikozoea kukaa. Sisi tuliokuja tumechelewa na mashati yetu ya pasi tukasukumwa nyuma.

Yule kijana mwongozaji, na tai yake, alikuwa anatokwa na jasho. Maskini, alikuwa mdogo kuliko Kandida wetu. Akatuomba tusipige makofi wala kuzomea, tusikilize tu. Kusikiliza tu! Watu wa Songea! Mheshimiwa alipomaliza sentensi yake ya kwanza wa mbele wakapiga makofi, na sisi wa nyuma tukanyamaza kabisa. Wewe ukaniambia sikioni, "Huyu tunamheshimu kama mgeni." Kweli, hakuna aliyemtania. Nani angemtania? Hatukumzoea.

Halafu akasimama Mwalimu. Nilikuona unavyovuta pumzi, nikakushika mkono, nikachelewa. Ukanguruma kutoka kule nyuma: "Huyo Myao mkimpa ubunge, atalibadilisha Bunge kwa gunia la korosho!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Na Mwalimu mwenyewe akacheka, akaacha kipaza sauti, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa akakunyooshea kidole: "Kaa chini wewe Mngoni, mla panya! Nikifika bungeni nitaleta sheria ya kuwalinda panya, tuone mtakula nini!" Jamani, siku ile! Hata wazee wa mbele walicheka. Kila aliyekuwa mle ndani alijua maana yake. Mngoni na Myao ni watani toka kwa mababu, na nyie wawili mlikuwa hampitishi asubuhi bila kutukanana kibandani kwako. Siku ukimwitikia vizuri alikuwa anauliza kama unaumwa. Ulimtania mbele ya watu kumwonyesha kwamba ni wetu. Kwa mgeni tungenyamaza.

Tukarudi nyumbani tunacheka njia nzima. Ulisema, "Kura zimeingia leo."

Wiki iliyofuata tukaenda kuutazama mdahalo pale baa yenye dishi, tumebanana mpaka madirishani. Na mimi nikaona kitu nisichokiona ukumbini. Kipaza sauti cha kuchukulia sauti za watu kilikuwa kimoja, mbele, kwa hiyo makofi ya wale wazee yalisikika kama ya uwanja mzima. Halafu akatokea Mwalimu, ikasikika sauti yako kwa mbali, kali, haina hata uso, na kicheko kikubwa. Halafu Mwalimu anaonekana anaondoka kwenye kipaza sauti, mdomo unachezacheza na kidole kimenyooka. Jibu lake halikusikika hata neno moja. Ukiangalia hujui historia, ni mtu amezomewa na ukumbi mzima, kapandwa na hasira, kaacha swali.

Nikakuangalia. Ulikuwa umeshika chupa yako ya soda hunywi.

Sijui kama ndicho kilichomwangusha. Wengine wanasema angeanguka tu, chama chake hakikuwa hata na gari la kuzungukia vijijini. Lakini alipoanguka, watu wake walihitaji mtu wa kumlaumu, na sauti yako ilikuwepo. Wakasema yule fundi baiskeli alipewa kitu ili aharibu. Wakaacha kuleta baiskeli zao. Ndugu zake Mwalimu walikuwa wameutazama kule kwao Tunduru, na huko nasikia walilia. Mwalimu akafunga vitu vyake, akarudi Tunduru, akapita mbele ya kibanda chako juu ya lori bila kusema neno.

Nilikuambia, mwanaume, mfuate ukamwombe radhi. Nilikuambia mara ngapi? Ukanijibu jibu moja tu: "Mtani haombi radhi. Nikiomba radhi nimesema yalikuwa matusi. Mimi nimeshasema langu, lake televisheni imelimeza, zamu bado ni yake." Nilikuona mkaidi. Kila lori la Tunduru likiingia ulikuwa unainua kichwa. Ulikuwa unangoja akutukane. Watu wengine wanangoja barua ya kazi, mume wangu alikuwa anangoja tusi. Na halikuja, mpaka moyo wako ukachoka.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Tulipokuwa tunaandika tangazo la kifo la kupeleka redioni, Fridolin mdogo wako ndiye aliyeshika karatasi. Akaandika habari ziwafikie wa Mbinga, wa Lusewa, Kandida kule Njombe. Nikamwambia, "Ongeza Mwalimu Yasini wa Tunduru." Akaweka kalamu chini. "Shemeji, utatuaibisha. Nchi nzima itasikia tumemwita, na asipokuja, watu watasema si mnaona, ni kweli yule fundi Osmund alimuuza." Alikuwa na haki ya kuogopa. Na mimi niliogopa. Lakini nikamwambia, "Andika." Mtangazaji alilisoma lile jina vizuri kabisa, sauti imetulia, na baada ya hapo kila aliyekuja kunipa pole alikuwa anaangalia nani yuko barazani na nani hayuko.

Tulimngojea Kandida, akafika. Mwalimu hakufika. Usiku wa matanga watani wengine walikuja wakafanya vituko vyao, nikacheka kidogo kwa adabu. Asubuhi padre akafika, kijana, mgeni kwetu, na Fridolin akaninong'oneza kwamba hatuwezi kukungojesha zaidi. Nikasema sawa. Nilisema sawa, Baba Kandida, lakini nilihisi kama nimekuzika mara mbili.

Wamekubeba, tumefika pale njia inapokatia kwenda makaburini, nikasikia mtu anafoka kibandani kwako. Mlango ulikuwa wazi. Akatoka mtu amevaa ovaroli lako lile la grisi juu ya kanzu, tope jekundu mpaka kwenye kope, ameshika pampu, anachechemea mguu wa kushoto kama wewe, wewe kabisa! Kandida alipiga yowe. Mimi nikakaa pale pale chini.

Mwalimu Yasini. Alikuwa amekuja juu ya mizigo ya lori, lori likanasa njiani kwenye matope, akatembea, akadandia jingine. Mzee yule!

Akaja akichechemea mpaka mbele ya jeneza, akalala chali katikati ya njia. Akaanza kwa sauti yako: "Mimi ndiye Mngoni fundi baiskeli! Nimeziba pancha mji mzima, mdomo wangu mwenyewe umenishinda kuuziba! Sasa nakwenda kwa Mtakatifu Petro, nitamwambia geti lake linapiga kelele, alete grisi!" Watu wakacheka. Wale wale waliosema ulinunuliwa, nilikuwa nawaona kwa macho yangu, wanacheka na kujifuta machozi kwa khanga na mikono ya mashati. Akaendelea: "Na mbinguni hakuna panya! Atakula nini huyu? Mrudisheni!"

Padre aliniinamia, amebabaika, akaniuliza taratibu kama amwondoe huyu mzee anayemtukana marehemu. Nikamwambia, "Mwache, Padre. Huyo ndiye mfiwa."

Halafu sauti yako ikamkatika, ikabaki yake. Akasema, "Sipishi. Sipishi mpaka aniambie kwa nini ameondoka wakati zamu ni yangu." Akarudia. Fridolin alipomwinua, ovaroli lako lilikuwa limelowa kifuani.

Aliingia kaburini kukupokea, yeye na Fridolin. Hakuna aliyeuliza.

Baadaye nilimpa maji akanawa, akakaa na mimi barazani. Nilimuuliza bila kuzunguka, unanijua: "Shemeji, uliamini kwamba alikuuza?" Akasema pale ukumbini alijua ni utani, alirudi nyumbani akiwa na furaha kama wewe. "Lakini nilipoutazama na ndugu zangu, Mama Kandida, niliona mtu mzima anachekwa. Nikautazama tena kwenye kanda. Mwishowe nikawa sikumbuki tena nilichokisikia kwa masikio yangu, nakumbuka cha kwenye kioo." Kisha aibu ikamshika. Kila alipotaka kukutumia tusi kwa dereva wa lori, aliona limeshachelewa, litasikika kama ugomvi. Lile tangazo lilimkuta anakula. Aliposikia jina lake, alijua kwamba hukuwahi kumfuta.

Sikumwambia ni mimi niliyeliongeza. Ni kweli hukumfuta.

Sikumlaumu. Nilimhurumia, Baba Kandida, na nilikuhurumia wewe, na hata yule kijana wa tai nilimhurumia, pengine mpaka leo hajui alichokipeleka Dar ndani ya lile gari lake. Alituomba tunyamaze na hatukunyamaza. Tulisahau kwamba wanaotutazama kule hawajui nani ni mtani wa nani.

Mengine ni madogo. Kibanda amekishika Fridolin, na rimu anazonyoosha bado zinayumba, lakini watu wanaleta baiskeli. Wale wa chama cha Mwalimu wamerudi, wengine wanajifanya hawakuwahi kuondoka. Ile baa imeweka televisheni nyingine, sasa wanaangalia mpira. Mahindi mwaka huu si mabaya. Kandida ana mimba, na akizaa wa kiume nimeshamwambia jina analijua. Jioni nikipika bado mkono unachota unga wa watu wawili, halafu nasimama pale na kata mkononi kama mjinga.

Mwalimu huwa ananitumia salamu kwa madereva. Juzi katuma korosho, na maneno kwamba nizile haraka kabla Wangoni hawajaziiba. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikalia.

Ameanza kuzeeka, lile lori lilimvunja mgongo. Nimelifikiria jambo hili sana, na nimeamua. Akitangulia yeye kabla yangu, nitapanda gari kwenda Tunduru, barabara iwe imekatika au haijakatika. Najua kwao wanawake hatuendi makaburini. Kwa hiyo nitamzuia mlangoni kwake, kabla hawajamtoa. Nitalala kizingitini na uzee wangu huu, nimtukane kwa Kingoni na Kiswahili, yake yote na yale uliyokuwa umeyabakiza wewe, na anayetaka kunidhania vibaya anidhanie.

Lala, mume wangu. Usimsumbue sana Petro.

Ni mimi,
Mama Kandida
Bombambili, Songea