Mufuko Bila Mwenyewe

Papa,

Kapiteni amerudi Kashikishi. Yee mwenyewe, ule alikupasua kichwa. Amefunga boti palepale damu yako ilimwangika, anacheka na batu, anakunywa munkoyo! Kula nashindwa.

Unakumbuka namna ulikuwa unatufundisha, mi na Mama Eliza jirani yetu, kupanga karatashi ya mizigo? Boti juu, moya tu. Chini ya boti, benye mali: mumoya ao bengi, lakini hapana kukosa kabisa. Chini ya kila mwenye mali, mifuko yake. Musindikizaji, kama yuko unaandika, kama hayuko unaacha. "Mufuko usikae chini ya boti bila mwenyewe. Kapiteni atasema ni wake." Kidole yako ya wino ilikuwa inanigonga hapa kwenye paji. Nilikuwa nachoka na wewe, kweli!

Na njo vile alifanya. Chisense yote ya bamama, samaki kidogo zile za kuanika, akaandika chini ya boti, jina ya mutu hakuna. Ulisema mbele ya bote: "Hii haiko karatashi. Andika upya." Akainua nkafi ya kuvutia boti. Ya kwanza ulipiga magoti. Ya pili, nilisikia mufupa. Eh, Papa! Akasukuma boti, akaenda na samaki.

Leo asubui ameleta karatashi ingine kwenye meza yako ya karani, sasa nakaa mi. Ni vilevile: boti, mifuko, basi. "Tia saini, mutoto ya marehemu." Nikaipasua. Akanipiga ngumi, meno mbili zikatoka. Mama Eliza akakamata muti wa kuanikia samaki, bamama bengine bakafata. Balimupiga, Papa! Mukono ukavunjika, akalia. Mi pia nilimupiga, sina haya. Nilitaka afe. Mama Eliza njo alinishika: "Furaha, inatosha. Kesho tunamupeleka boma, kwa polisi."

Kisha nikaandika karatashi mupya, kila mama na mifuko yake. Ukabakia mufuko mumoya, wa kapiteni. Bamama balitaka kuutupa mu maji. Nikakataa. Nikaandika jina yake katikati ya bengine, damu ya mudomo inadondoka juu ya wino. Jina ya mutu alikuua! Ni weye ulinifundisha vile, na nimekukasirikia sana.

Lala, Papa yangu. Naapa, kesho nitasimama boma na mudomo huu umevimba, jina ile nitaisema kwa sauti.

Furaha, mutoto wako