Jani Ndani ya Kisanduku

Lusaka, Jumapili, baada ya ibada. Mwaka wa thelathini na sita tangu niondoke Arusha.

Mdogo wangu Elia,

Nimeinuka mara tatu kabla ya kuandika jina lako. Nimekwenda kutazama kama taa ya kile kisanduku inawaka. Inawaka. Nimekaa. Nimeinuka tena.

Ni kile kisanduku cha kompyuta cha kuhifadhia picha, cha studio yako ya Levolosi. Binti yako Neema aliniletea ungali hai, pamoja na ujumbe wako: "Mwambie Baba Mkubwa akichomeke kwenye rauta yake tu. Kuna folda yenye jina lake. Sijaweka nywila. Aingie, asinibishie hodi."

Nami nilikuwa sijasema nawe tangu ulipomzika Mama pale Maji ya Chai bila kuningoja siku mbili. Nilikuwa njiani, Elia. Nilikuwa nimeshafika Mbeya.

Nilikichomeka. Kompyuta ikakiona, nikabofya, ikaandika kwamba siwezi kuingia. Nikazima. Nikasema moyoni, hata kwa mashine amenifungia mlango. Sikukupigia. Miezi minane baadaye alinipigia shemeji, mkeo, kunipa habari ya kifo chako, na hukuwa wewe tena wa kupigiwa.

Studio wamepanga watu wa simu. Neema anasema kibao chako bado kiko juu ya mlango, wameshindwa kukibandua.

Juzi nilikichomeka upya. Nikabadili kebo. Nikakiita kwa namba zake za mtandao badala ya jina, kikaitika mara nne, zote nne. Kinaitika lakini hakifungui! Nikatembea hadi getini, nikarudi. Ndipo nikausoma wote ule ujumbe wa kompyuta wa kunikatalia. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma hadi nukta, nilikuwa nimesoma nusu ya sentensi. Nusu ya pili ilisema kompyuta yangu ndiyo inayozuia: Windows hizi mpya hazikubali kuingia kama mgeni mahali pasipo na nywila. Wewe hukufunga chochote.

Nakusikia ukicheka: "Mwalimu, leo sifuri!"

Chini ya kisanduku ulibandika plasta yenye nywila ya mipangilio, kwa mwandiko wako: jina la Mama. Nikaingia, nikajisajili kwa jina langu. Bado ikakataa, maana kompyuta ilikuwa imeng'ang'ania ule uingiaji wa kwanza, wa mgeni, na haimruhusu mtu mmoja kuingia kwa majina mawili. Nikafuta kumbukumbu zake, nikaiwasha upya. Folda ikafunguka.

Picha moja. Mkono wako, ule wenye kovu la kisu cha ndizi, umeshika jani la sale lililofungwa fundo. Nyuma yake kaburi la Mama, na Meru ina wingu shingoni.

Hukuandika neno. Tulilelewa Kichaga mimi na wewe. Sale likiletwa na mwenye kosa kuomba msamaha, aliyekosewa halikatai. Unakumbuka ulipovunja redio yangu, Mama akakutuma na jani, ukanifuata nalo hadi mlango wa choo? "Kaka, toka ulichukue, mkono unauma!" Nilikuacha usimame muda mrefu.

Na safari hii nimekuacha miezi minane. Hilo ndilo linaloninyanyua kitini.

Nimelipokea, Elia. Nimeweka mikono yote miwili kwenye kioo cha kompyuta, mzee mzima, hakuna aliyeniona. Nimemwomba Neema apande sale kichwani pa kaburi lako na aseme limetoka kwangu. Lako nimelipokea, na wewe pokea langu, maana mwenye kosa sasa ni mimi.

Nakuahidi nitampigia shemeji kila Jumapili, hata kama hana la kusema. Na kisanduku chako sitakizima.

Pumzika, mdogo wangu. Moyo wangu hauwezi tena siku mbili za barabara, na niliyepaswa kumwendea hayupo. Sitarudi Arusha.

Kaka yako