Hakuna Aliyeuliza Uzito wa Marwa

Wifi yangu Boke,

Nakusalimu kutoka Mbita, ambako jua ni kali na samaki wa kukaanga, huyu ngege, ni mtamu kweli.

Hapa hotelini nimekaa meza moja na nesi. Nilipomsimulia jinsi kaka yangu Marwa, mumeo, alivyoanguka shambani akafa, aliniuliza, "Alizaliwa na kilo ngapi?"

Nikacheka. "Hata mbili hazikufika! Mama alimlaza kwenye kikapu cha wimbi karibu na meko."

Yeye hakucheka. "Dada, mtu akizaliwa mdogo hivyo, presha na moyo wake viangaliwe mapema, hata akiwa mwembamba. Si wote huugua, lakini hatari yao ni kubwa zaidi."

Samaki alinishinda, wifi. Mara mbili zahanati ilimrudisha Marwa nyumbani bila kumpima, eti "Presha ni ya wanene, mzee." Nasi matangani tukanong'ona kwamba ulimlisha kitu! Nimewakasirikia wale wa zahanati, na nimejikasirikia mwenyewe.

Binti yenu Robi pia alizaliwa mdogo. Mpeleke apimwe wiki hii. Wakikwambia ni mwembamba, usiinuke kwenye benchi.

Nisamehe, mama Robi. Nakupenda sana.

Wifi yako, Gati