Kijani Hakizimiki

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mchumba wa mdogo wangu na mwenzangu wa maabara, ameleta grafu nyingine. Safi mno! Vimeng'enya vyangu vinanigomea, vyake vina adabu. Kwa nini?

Na si kazi ya mchezo. Arkea — vijidudu vya kale vya chemchemi za maji moto — vina pete ya vimeng'enya inayoshika protini, inaifumua kama sweta, kisha inaisukuma ndani ya pipa inakokatwakatwa. Kufumua kunakula nguvu, yaani ATP. Bila hiyo, pete inang'ang'ania tu. Sisi tunailisha protini ya kijani inayong'aa. Ikifumuliwa, mwanga unazimika. Kwake unazimika kila mara!

Mama Profesa, mkuu wetu, anasema nafasi ya kubaki na kazi maabara ni moja. Alinitazama mimi, akamsifu yeye.

Jumanne, 5 Machi
Mdogo wangu amepiga simu, kicheko tele. Baba amekubali: Shemeji akipata kazi tu, harusi. "Dada, mwangalie basi huko." Nitamwangalia, ndiyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 6 Machi
Nimetega. Kichupa cha ATP cha kwenye friza nimekimwaga, nimekijaza maji matupu. Lebo ileile. Kitakoni nimeweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, nisije nikajichanganya mwenyewe. Kesho zamu yake. Maji hayafumui kitu. Akileta grafu nzuri, ameipika!

Alhamisi, 7 Machi
Ameleta. Nzuri! Nilifurahi, niseme ukweli. Nikaingia kwa Mama Profesa, nikafunga mlango, nikamwambia grafu za Shemeji ni za kupikwa. Habari ya maji sikuitaja. Mama akasema kesho Shemeji atarudia jaribio mbele yetu, na kila kitu atakitoa yeye Mama kwa mkono wake.

Nilirudi mbio kukiondoa kichupa. Friza imefungwa, ufunguo anao Mama.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika chooni, nimejifungia.

Mama Profesa alifungua friza, akatoa kichupa. Nukta nyekundu. Kimejaa hadi shingoni, hakuna aliyekigusa! Shemeji akasema kwa upole kwamba yeye hutumia ATP anayochanganya mwenyewe asubuhi, ya jana imekwisha, hii ya friza hajawahi kuitumia. Mama akamjibu ATP ni ATP.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikawasha mashine ya kupima mwanga badala yake.

Sasa mashine ina joto, mstari kwenye skrini umelala tu. Kijani hakizimiki. Shemeji anatokwa jasho, anarudia hesabu zake. Akaniinamia: "Dada, nimekosea wapi? Hebu nisaidie kuangalia." Nikasema nakuja, naenda msalani mara moja.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Bibi alikuwa akisema, tunacheka.

Simu inatetemeka. Mdogo wangu. Siipokei.

Mlango unagongwa. Nimedhani ni Mama Profesa — ni Shemeji. Anasema Mama ameshaanza kuandika barua ya kumwondoa. Lakini hajaja kwa ajili ya hilo. Ameona nimekawia.

"Dada, unaumwa? Nikuletee maji?"